Kofia ya Mama, Kichwa cha Munyi

Jumamosi hiyo ya msimu wa kampeni, soko la Gakoromone mjini Meru lilikwama kabisa. Msafara wa chama cha Mwavuli ulikuwa umeingia kutoka upande wa juu, magari yote ya kijani, honi zikilia. Msafara wa Taa ukaingia kutoka upande wa chini, mwekundu, na vipaza sauti vikubwa zaidi. Katikati ya soko lori la Mwavuli likatazamana na lori la Taa, na hakuna dereva aliyekubali kurudi nyuma hata hatua moja.

Kwenye karatasi ya kura vyama vilikuwa vingi. Barabarani vilikuwa viwili. Mtoto wa darasa la kwanza angekuambia kwao ni Mwavuli au kwao ni Taa kabla hajakuambia jina la babu yake.

Kati ya malori hayo mawili alisimama Kagwiria, fundi wa cherehani kutoka Majengo, akiwa na furushi la kofia kichwani. Alivaa gauni la kitenge chenye maua ya zambarau, alilolishona mwenyewe likamkaa sawasawa, na viatu vyeupe ambavyo sasa alikuwa anavijutia, maana tope la soko halina huruma. Kofia alizobeba zilikuwa za kijani. Mwavuli walikuwa wamempa kazi ya kuzishona kwa ajili ya mikutano ya Meru na Embu, na siku hiyo alikuwa anazipeleka ofisini kwao. Sasa Taa walikuwa mbele yake, wanaimba, na wengine walianza kulitazama furushi lake kwa macho yasiyo mazuri.

"Dada! Pita huku!"

Aligeuka. Kijana mmoja mrefu, mwenye kizibao cha njano kilichofifia kwa jua, alikuwa anasukuma mkokoteni wa ndizi za Mitunguu. Mwenye ndizi, mama mmoja mzito, alimfuata akimwombea baraka kwa Kimeru.

"Nipite wapi? Si unaona kumefungwa?"

"Lori ndilo limefungiwa. Mkokoteni unapita." Akaonyesha kichochoro katikati ya vibanda vya mitumba. "Weka mzigo wako juu ya ndizi tuondoke kabla hawajaanza kurushiana mawe."

Kagwiria aliweka furushi. Walipita katikati ya suruali zinazoning'inia, wakainama, wakageuka, wakatokea upande wa pili ambako kulikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Hapo ndipo alipomtazama vizuri. Uso mwembamba, meno meupe, mikono yenye alama za grisi.

"Asante. Na hiyo njano ni ya nini? Wewe ni wa wale wanaojenga barabara?"

"Ni ya Mzinga."

"Mzinga wa nini?"

"Wa nyuki, dada. Chama cha Mzinga. Naitwa Munyi. Nagombea wadi kule Embu, upande wa Mbeere. Hapa nimekuja kununua vipuri, maana kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji."

Kagwiria alicheka mpaka akashika ubavu wa mkokoteni. "Aki pole, nisamehe. Na chama chenu kina watu wangapi?"

"Hapa Meru leo? Niko mimi tu. Na vile nimekubebea kofia za Mwavuli, sijui kama bado niko."

Mama wa ndizi naye alicheka. Akampa Kagwiria kichane kizima, akamwambia kwamba kijana anayejicheka mwenyewe ni mtu wa kuangaliwa vizuri.

"Unashona pia za njano?" Munyi akauliza. "Vizibao vyetu vimechakaa. Mafundi wa kwetu wanaogopa kuonekana navyo mlangoni."

"Mimi nashonea Mwavuli."

"Kwani cherehani yako ina chama?"

Alimpa namba ya simu, kwa ajili ya kazi. Ndivyo alivyojiambia alipokuwa anarudi Majengo.

*

Simu za kazi hazikukaa sana kuwa za kazi.

"Hujambo, malkia wa cherehani?"

"Sijambo, mheshimiwa wa nyuki. Leo umehutubia watu wangapi?"

"Wazee kadhaa, wamama wa kikundi cha maji, na mbuzi. Mbuzi mmoja alitikisa kichwa nilipotaja kisima."

"Huyo ni wako. Andikisha yeye."

Munyi aliishi mtaa wa Dallas mjini Embu, katika chumba kimoja kilichojaa mabomba. Alipomaliza kazi alikaa kwenye ngazi, Mlima Kenya ukiwa nyuma yake, akamweleza Kagwiria mambo yote kwa simu. Kwamba kwao, chini kule kwenye joto, wasichana bado wanaamkia mtoni na mitungi. Kwamba Mwavuli wana barabara za kufikiria, na Taa wana reli, na hayo ni mazuri, lakini kati ya barabara na reli kisima cha kijiji chake husahaulika kila uchaguzi. "Siwachukii wakubwa," alisema. "Nchi bila lori haibebi mahindi. Lakini lazima mtu mmoja abaki na mkokoteni."

Kagwiria aliposikia hayo aliacha kushona, sindano mkononi. Kwa muda mrefu alikuwa amemwomba Mungu ampe mtu ambaye leo na kesho ni yule yule. Hakuwa amemwomba mtu tajiri wala mtu mashuhuri.

Ijumaa moja Munyi alikuja Majengo kuangalia vizibao. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, isipokuwa mkono mmoja. Watu walikuwa wanatoka msikitini, wachinjaji wananoa visu, na harufu ya nyama choma iliingia hadi ndani ya kibanda. Kagwiria alimpa stuli na chai ya maziwa.

"Nataka kukuambia jambo moja," alisema, "halafu uamue kama utakunywa chai hiyo yote."

"Sema, mpenzi."

"Baba yangu alikuwa mtu wa siasa. Mdogo, wa kijijini. Unajua ile desturi ya kumpokea mtu jukwaani? Anavuliwa kofia ya chama chake, anavishwa ya wenyeji, watu wanapiga vigelegele. Baba alivishwa na Taa. Akavishwa na Mwavuli. Akarudi Taa, na vyama vingine ambavyo hata majina yamekufa. Kila mara alirudi nyumbani akituambia hii sasa ndiyo ya kweli. Mama aliacha kumwamini kwa kofia, halafu akaacha kumwamini kwa mambo mengine. Mwisho alituacha akaenda zake. Shangazi Eunice ndiye aliyenilea."

Munyi aliweka kikombe chini.

"Sikuombi ushinde," Kagwiria akaendelea. "Shindwa hata kila mwaka. Lakini usipande jukwaani ukavishwa. Siku nitakapoona hivyo, hutanieleza kitu."

"Sitapanda kuvishwa," Munyi alisema. Alikunywa chai yote, na mabaki ya sukari akayakwangua kwa kijiko.

Shangazi Eunice, aliyeishi Mitunguu katikati ya migomba yake, alikuwa kiongozi wa akina mama wa Mwavuli eneo lile lote. Hata Biblia yake alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kijani. Alipopata habari alipiga simu mara hiyo hiyo.

"Mzinga? Mwanangu, chama hicho chote kinaenea jikoni kwangu, na nafasi ya kuku inabaki!"

"Ni mtu mzuri, shangazi."

"Uzuri sijakataa. Nimesema jikoni."

*

Ilikuwa asubuhi, Kagwiria anapima kiuno cha mteja, simu ilipolia tit. Shangazi alikuwa ametuma picha. Chini yake aliandika: *Mzinga wamerudi nyumbani. Mungu ni mwema!*

Jukwaa la Mwavuli kule Mbeere. Bendera za kijani. Mgombea wao wa wadi, Oscar Mwaniki, amesimama akitabasamu na suti yake ya kijivu. Na katikati, akiwa na kizibao chake cha njano, Munyi, mikono imelegea pembeni, na kofia ya kijani kichwani.

Kagwiria aliikuza picha. Aliiona mishono miwili iliyozunguka ukingo wa kofia. Hakuna fundi mwingine wa kampeni aliyejisumbua kushona mara mbili. Kofia ile ilitoka mikononi mwake.

Munyi alipopiga simu, alipokea mara moja tu.

"Kagwiria, mpenzi, nisikilize..."

"Ulipanda jukwaani?"

"Nilipanda kumsalimia Oscar. Amekuja kijijini kwetu, ningekosaje kumsalimia mgeni? Lakini..."

"Ulivishwa au hukuvishwa?"

Pikipiki ilisikika ikipita kule Dallas.

"Nilivishwa. Lakini aliyenivisha... Kagwiria, hilo siwezi kulisema kwa simu. Ni jambo la heshima ya mtu."

"Baba naye alikuwa na maneno mazuri hivyo hivyo," alisema, akakata, akaifunga namba ile.

Vizibao vya njano, vilivyokuwa vimekunjwa vizuri mezani, alivisukuma chini ya meza. Jioni alipiga magoti kando ya cherehani. Hakujua aombe nini, kwa hiyo alikaa tu mbele za Mungu bila neno, na hilo pia ni sala. Picha nyingine zilizidi kuja. Munyi sokoni, Munyi kando ya kisima kikavu, Munyi mazishini. Kila mahali kofia ya kijani iko kichwani. Kagwiria alizifuta bila kuzitazama mara mbili. Kama angezitazama, angeona kwamba kizibao cha njano hakikutoka mwilini hata siku moja.

*

Mgeni alikuja adhuhuri, wiki ya mwisho ya kampeni. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mkavu kama mti wa nyika, na leso mbili mpya na viatu vya plastiki vilivyooshwa. Mkononi alibeba chupa ya asali iliyofungwa kwa kitambaa.

"Wewe ndiye Kagwiria anayeshona?"

"Ndiyo, mama. Karibu, kaa."

"Nataka kitambaa cha kichwa. Cha njano."

Kagwiria alimtazama. "Cha njano kabisa?"

"Kama mnavyowashonea wale wa Mzinga. Mimi ni Ciakuthii. Nimemzaa Munyi."

Mashine ilisimama. Mama alikaa kwenye ile stuli, akaweka asali mezani, akaanza kusema polepole kwa Kiswahili cha shule ya zamani.

"Mimi ni Mwavuli tangu Mwavuli ilipoanza. Mume wangu alikufa akiwa Mwavuli. Kijana wangu alipochukua mambo ya nyuki nilisema atachekwa, atakufa maskini. Siku ile ya mkutano, vijana wa kampeni walikuja kwangu. Wakasema, mama, tunataka kumpa Munyi kazi ya maji kwenye kaunti, lakini amekataa kupokewa. Ukimvisha wewe, hatakataa. Wakanipa kofia. Alipopanda kumsalimia Oscar, nikapanda nyuma yake. Nikamwita. Akageuka. Nikamvisha."

"Na yeye?"

"Mwanangu, katika nyumba yetu kitu ambacho mama amekuvisha mbele ya watu, wewe hukivui. Anakivua mama mwenyewe. Mama yangu alitufundisha hivyo, nami nikawafundisha wangu. Vijana wale walijua." Aliangalia mikono yake. "Munyi alinitazama tu. Hakunikemea, hakunitia aibu. Alishuka na kofia ile, akaenda moja kwa moja kwa watu wake, akaendelea kuomba kura za Mzinga."

"Na kofia ya Mwavuli kichwani?"

"Kila siku! Wanamcheka hadi watoto. Wanamuuliza, wewe ni wa wapi hasa? Anawajibu, 'Kofia ni ya mama. Kichwa ni changu.'"

Kagwiria alianza kucheka, kisha akagundua kwamba analia, kisha akashindwa kuchagua. Mama alimpa ncha ya leso yake.

"Nilingoja achoke. Nikasema atakubali ile kazi. Hakubali, na hasemi kwa mtu yeyote kwamba ni mimi. Nikamuuliza mbona hali chakula. Akasema kuna fundi huko Majengo aliyempa sharti moja, na yeye hawezi kujitetea bila kunishtaki mimi. Ndipo nikaona kwamba nimemvisha kofia mtu ambaye hawezi kuvishwa." Alinyanyuka. "Kwa hiyo nishonee kitambaa. Jumapili kuna maombi ya amani Embu, wagombea wote watakuwepo. Niliyemvisha mbele ya watu nitamvua mbele ya watu."

"Mama," Kagwiria alisema, akiingia chini ya meza kutoa vizibao, "kofia ile niliishona mimi."

"Wewe?"

"Mishono miwili pembeni."

Ciakuthii alifikiri kidogo. "Ndiyo maana haijachakaa," alisema.

*

Uwanja wa Embu ulijaa siku hiyo ya Jumapili, kijani upande mmoja na nyekundu upande mwingine. Kando, karibu na choo, kulikuwa na kundi dogo la njano. Askofu aliwaombea Mwavuli na Taa, na alipokuwa anataka kusema amina akakumbuka, akawaombea na wengine.

Munyi alikuwa kwenye mstari wa wagombea, shati jeupe, kizibao cha zamani, kofia ya kijani. Alipomwona mama yake anatembea uwanjani na kitambaa cha njano kichwani, alisimama. Alipomwona aliye nyuma ya mama, akiwa na lile gauni la maua ya zambarau na mzigo mkubwa mikononi, alikaa tena.

"Simama," mama akamwambia.

Alisimama. Ciakuthii aliomba kipaza sauti. Askofu alikuwa mtu wa busara, akampa.

"Mimi ni mama yake huyu. Kofia hii nilimvisha mimi, hakuiomba. Nawashukuru Mwavuli, ni chama changu, sijakosana nao. Lakini kijana wangu si wa kuvishwa. Leo namvua." Alinyoosha mkono. Munyi akainama, maana alikuwa mrefu kuliko mama, na kofia ikatoka. Nywele chini yake zilikuwa zimelala kama nyasi chini ya jiwe.

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi taratibu. Alikuwa Oscar Mwaniki, katika suti yake ya kijivu. Upande wa kijani ukamfuata, na upande mwekundu nao, usipitwe.

Oscar alimsogelea Munyi, akamshika mkono. "Kwa jina la Mungu, sikujua kwamba walimtumia mama. Niwafukuze wale vijana?"

"Usiwafukuze," Munyi alisema. "Wape kazi ya kuchimba kisima."

Baadaye, nyuma ya kundi la njano, Kagwiria alimkabidhi mzigo.

"Vizibao vyako, mheshimiwa. Vimechelewa. Fundi alikuwa mjinga."

"Fundi alikuwa na sharti, na aliniambia mapema."

"Ungesema tu, 'Ni mama.' Maneno mawili!"

"Nikimuuza mama ili nikupate wewe, kesho ungeniuliza nitamuuza nani."

Kagwiria alinyoosha kidole akazifufua nywele zake zilizolala, mbele ya askofu na watu wote. "Nyamaza basi," alisema. "Umenishinda."

*

Hakushinda kiti. Oscar Mwaniki alimpita kwa mbali, na Taa nao walimpita. Munyi alikwenda nyumbani kwa Oscar kumpongeza, kizibao chake kikiwa mwilini, na Oscar akamwomba waketi pamoja juu ya habari ya kisima. "Njoo bila kofia yoyote," alimwambia. Kisha Munyi akampigia simu Kagwiria kule Majengo.

"Nimeshindwa, mpenzi."

"Nimesikia. Umeshindwa ukiwa ndani ya nguo yako."

"Sasa kampeni imekwisha, lakini bado kuna kura moja naiomba."

Kagwiria alisimamisha cherehani. "Wapinzani wako ni akina nani?"

"Sijui. Labda Mwavuli na Taa."

"Hao nimewakataa. Lakini mimi si tume. Tume ni shangazi Eunice. Peleka maombi yako Mitunguu."

Ndiyo sababu, mvua zilipokwisha, kundi la watu lilifika langoni kwa Eunice katikati ya migomba. Wanawake wa Mwavuli walikuwa wamelifunga lango kwa leso za kijani, wakaimba, wakakataa kufungua, kama ilivyo desturi wageni wa posa wanapofika. Nje alisimama Ciakuthii na kitambaa chake cha njano, asali mikononi. Nyuma yake walikuwepo wamama wa kikundi cha maji, wazee wa kijiji, vijana wenye vizibao vya mishono miwili, na Munyi, kichwa wazi, jasho usoni. Kagwiria alichungulia dirishani, gauni jipya limemkaa vizuri, akaomba moyoni kwamba shangazi asizidishe.

Eunice alishika kiuno. "Nyinyi ni akina nani?"

"Sisi ni Chama cha Mzinga," Ciakuthii alijibu.

"Hicho chama kidogo?"

"Ni kidogo, mama. Lakini kimekuja chote."

Eunice aliwahesabu kwa macho, polepole, kuanzia mbele hadi nyuma, wanawake wake wakingoja neno. Kisha akaanza kufungua leso langoni, moja baada ya nyingine.

"Basi ingieni," alisema. "Jikoni kwangu mnaenea. Nitawatoa kuku nje."